Mlango Umelala

Mlango wenyewe ulikuwa wa kweli. Wale wachache wanaoukumbuka huniuliza kama ulikuwa wa makaratasi, na mimi huwajibu kwa hasira kidogo: makaratasi gani? Ulikuwa mlango wa mbao, wenye bawaba na komeo, kazi ya fundi wa jua kali pale Kariobangi. Tuliubeba mabegani mimi na mwenzangu kutoka kibandani kwake hadi ukumbi wa mtaa, watu wakitupigia kelele njia nzima, "Nyinyi, mnahamia wapi na mlango bila nyumba?" Tukausimamisha katikati ya jukwaa na fremu yake, tukauegemeza kwa mawe. Mume, yaani mwenzangu, nje; mke, yaani mimi, ndani. Mchezo wote ulikuwa huo.

Nilikuwa mwigizaji wa michezo ya kuimba. Nikisema hivyo siku hizi watu hudhani nasema kwaya. Si kwaya. Ni mchezo wa kuigiza kama mwingine wowote, ila pale maneno yanapomshinda mtu, anaimba. Miaka ile ya tisini tulikuwa kikundi kidogo cha watu wa mitaa ya Huruma na Kariobangi, na mwalimu wetu alikuwa anakaa Mukuru kwa Reuben. Tulimwita mwalimu lakini hakuwa na shule. Alikuwa kibarua wa kiwanda huko Industrial Area, akitoka zamu anakuja kwetu na vumbi la kiwandani likiwa bado kwenye nyusi. Nyimbo zote alizitunga yeye. Nje ya ukumbi mafundi waligonga sufuria na mabati kutwa, hatukuwa na kipaza sauti, basi tukajifunza kuimba juu ya nyundo. Ndiyo maana hadi leo nikiongea kwa simu majirani wanajua mambo yangu.

Mchezo ulikuwa rahisi. Mume amekesha nje, amerudi asubuhi, mke amefunga. Anabisha, anabembeleza, anaapa, yote kwa wimbo. Mke naye anamjibu kutoka ndani: "Nyamaza usigonge, mlango umelala." Kila akija na uongo mpya, jibu ni hilo hilo, na ukumbi mzima unaitikia. Wacha wee! Wanawake wa Huruma waliitikia mpaka vumbi likatoka darini, na mimi nilijua kila mmoja wao ana mlango wake anaoufikiria.

Halafu mwisho. Mume ananyamaza. Mke anangoja abishe tena, habishi. Anasogea, anatega sikio, anatoa komeo polepole, anafungua. Hakuna mtu. Ameshaenda. Taa zinazimwa. Hapo hapakuwa na neno hata moja wala wimbo. Nilimwomba mwalimu aniwekee angalau ubeti mmoja, akanikatalia kabisa. "Ukiimba hapo umeniharibia," alisema. Na alikuwa sawa. Watu wale ambao hawakunyamazia hata mazishi, walinyamaza. Nilisimama pale mlangoni nikawasikia wakishika pumzi. Mimi maishani nimetaka kitu kimoja tu, kusimama kwenye jukwaa lile na kunyamaziwa hivyo. Sikutaka mume, sikutaka ng'ambo. Nilitaka hicho tu.

Mamangu hakuja hata siku moja. Alikuwa mama wa Kikamba, wa kanisa, wa kitambaa cheupe kichwani, muuza sukuma wiki na nyanya. Mimi alikuwa akiniita "mama" kwa sababu nina jina la mama yake mzazi, na ndiyo ilifanya maneno yake yaniume zaidi. "Mama," aliniambia, "mwanamke mzima kupiga kelele mlangoni na mume wa wenyewe, hiyo ni kazi?" Nikamwambia aje aone. "Nione nini? Nimeshaona milango."

Lakini haikupita muda akahamisha meza yake ya mboga kutoka kituo cha basi, mahali pazuri penye wateja, akaiweka chini ya dirisha la ukumbi ambako hakupita mtu. Nikajua ananichunga. Nilikasirika mno. Jumamosi nikitoka mchezoni na jasho namkuta hapo ameinamia nyanya zake, haniangalii, ananiambia tu, "Beba hiyo karai twende." Tulitembea hadi nyumbani bila neno. Mtu asikwambie kuna ukimya mmoja tu duniani.

Sasa mwenzangu. Hapakuwa na mapenzi kati yetu, nisisingiziwe. Alikuwa na mke na watoto, alinuka vitunguu, na alichelewa kila mazoezi. "Niaje mathe wa nyumba," angeingia akicheka, kana kwamba mimi ndiye mama mwenye nyumba, "bado umenifungia?" Lakini hakuna mtu amewahi kunijua pumzi kama yule. Kupitia ubao wa mlango, haoni uso wangu, alijua lini nimechoka na angeuvuta ubeti wake mpaka nipate nguvu. Mtu wa namna hiyo humpati mara mbili.

Tukapata habari njema, ile moja ya maisha yetu. Watu wa ukumbi mkubwa wa michezo kule mjini walikuwa wamesikia habari zetu na wangekuja kututazama. Wakipenda, mlango wetu unaenda mjini. Mwalimu alitupa habari hiyo akiwa amesimama, akakaa, akasimama tena. Nilicheka, nikalia, nikanunua viatu.

Wakati huo huo kanisa moja lilikuwa limeanza kukodi ukumbi wetu Jumapili. Hatukujali, Jumapili tulikuwa tunalala. Kisha wakachukua Jumatano ya maombi. Kisha Ijumaa. Vyombo vyao vikabaki jukwaani juma zima, na sisi tukawa tunafanya mazoezi katikati ya spika, tukiogopa kukanyaga nyaya. Mchungaji alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lilinichosha, maana mtu mpole huwezi kumtukana. Kila akinikuta ananisalimia, "Bwana asifiwe, dada," kisha anatazama mlango wetu kama anayetazama mgonjwa.

Mwenzangu aliokoka siku chache kabla ya wageni wa mjini. Alikuja mazoezini amevaa tai. Nilidhani ni vazi la mchezo nikamwambia limemkaa vizuri. Akatuambia ameacha mambo ya dunia, hawezi tena kuimba uongo mbele za watu, na hasa ulevi na ukware wa yule mume. Mwalimu akamwuliza, kwa upole sana, kama angeweza kuokoka baada ya wageni. Yeye akatikisa kichwa, machozi yakimtoka. Haki, machozi yalikuwa ya kweli. Ningejua ya uongo, mimi.

Wageni walipokuja, mwalimu mwenyewe akasimama nje ya mlango. Alikuwa anaujua kila ubeti, ni wake, lakini kifua kilikuwa kimejaa vumbi la kiwanda. Alibisha, akaimba mstari, akakohoa. Watu wakaitikia kwa kumhurumia. Nikavuta sauti nimbebe, nikajaribu kumfanyia yale mwenzangu aliyokuwa akinifanyia mimi, haikuwezekana. Wageni wakainuka kabla ya mwisho. Nilipotoa komeo na kufungua niliwaona wao, migongo yao, wakitokea mlango wa nyuma. Mwezi haukuisha mwalimu akarudi kwao, na sijapata kusikia habari zake tena.

Nilijaribu mjini peke yangu, nisionekane mvivu. Walinisikiliza wakanisifu sauti. Kisha wakaniambia Kiingereza changu kina Huruma ndani yake. Walisema hivyo, wakicheka, si kwa ubaya. Wakanipa nafasi ya mtumishi wa nyumba anayeingia na trei ya chai na kutoka. Haongei, haimbi. Nilibeba trei ile msimu mzima. Siku ya mwisho niliiweka chini nikarudi kwetu Eastlands, na Eastlands nikakuta kanisa limechukua ukumbi siku zote saba.

Hapo sasa ndipo nilipookoka. Niseme nini? Nilikuwa nimekauka. Nilipita nje siku ya Jumapili nikamsikia mwenzangu akiimba, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa nyimbo, na tuni ilikuwa ya mwalimu, ile ya kubisha, wameitia maneno ya Yesu anabisha mlangoni pa moyo. Akafika mahali pangu pa kujibu. Pakawa patupu. Nikaingia, nikapita katikati ya viti, nikapiga magoti mbele ya jukwaa. Walishangilia mtaa ukatetemeka.

Jumapili iliyofuata nikapewa nafasi ya ushuhuda. Nilipanda jukwaani. Taa zile zile, mbao zile zile, ile moja inayolia ukiikanyaga bado inalia. Na mbele kabisa, kwenye kiti cha kwanza, mama yangu na kitambaa chake cheupe. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameingia ndani ya ukumbi ule.

Ushuhuda bila dhambi si ushuhuda, na dhambi yangu wote waliijua. Basi nikaisema. Nikasema mchezo ulikuwa takataka. Nikasema mlango ule ulikuwa wa kuzimu, mimi bawabu wake. Nikashusha sauti pale pa kushusha, nikaipandisha pale pa kupandisha, nikawaacha kimya palipotaka kimya. Wakanyamaza. Ai, walinyamaza! Walishika pumzi kama zamani, na mimi nikasimama ndani ya ukimya ule nikashiba. Mama alikuwa analia, amefunika uso kwa leso. Nikafikiri, basi, angalau huyu nimemfurahisha.

Baada ya ibada wakachoma vitu vya dunia uwanjani. Gauni la mke, koti la mume, mawigi, ngoma mbili. Nilivitoa mimi mwenyewe sandukuni. Mlango haukuchomwa. Mchungaji aliugonga kwa vidole, akausifia mbao, wakautia uwe mlango wa ofisi yake, na hadi leo sijui kama alijua anafanya nini.

Nilingoja kuimba. Wakaniambia kwanza darasa la ubatizo, nikamaliza. Wakaniambia ningoje roho itulie, nikangoja. Mwishowe mwenzangu akaja akanieleza, hawezi kunitazama, kwamba wazee wameona sauti yangu bado ina dunia. Inavuta watu kwangu badala ya kwa Bwana. Nikawekwa mstari wa nyuma wa wapiga makofi. Nikamwambia, "Wewe ndiye unaniambia hivyo? Wewe?" Akasema, "Nisamehe, dada." Zamani alikuwa akiniita mathe wa nyumba.

Nikapiga makofi. Miaka ikaenda.

Jioni moja, mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya tisini, nilikuwa jikoni na mama, yeye anakata sukuma, mimi nasonga ugali. Miguu ilikuwa imemwisha, hakuuza tena. Jirani wa ng'ambo ya njia akawa anabisha kwake, mkewe kamfungia, wanabishana mtaa mzima unasikia. Na mama, bila kuinua macho kwenye kisu, akaanza kuimba chinichini.

"Nyamaza usigonge, mlango umelala."

Niliacha mwiko. Akaendelea. Aliimba ubeti wa mume, akarudi wa mke, akaupita ule mgumu wa tatu ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuusahau. Aliujua wote. Hata zile pumzi za mwenzangu, alivuta pale pale alipokuwa akivuta yeye.

"Mama, umeyajulia wapi hayo?"

"Si nilikuwa pale dirishani."

"Nilidhani unanichunga."

"Kukuchunga kitu gani? Kituoni nilikuwa na wateja." Akakusanya sukuma akazitia kwenye sufuria. "Ningeingia vipi, mama wa kanisa mimi? Nikasema nitasikia kutoka nje."

Niliikumbuka leso yake usoni siku ile ya ushuhuda, nikaelewa alichokuwa akililia. Nilitamani sakafu ipasuke nizame.

"Lakini kuna kitu kimoja hunisumbua," akasema. "Mwisho. Mwanamume ananyamaza, halafu nyote mnanyamaza, kisha nasikia makofi. Kila Jumamosi hivyo. Kutoka dirishani huwezi kujua. Kwani mama, alimfungulia?"

Ule mlango ulikuwa kwa mchungaji. Gauni lilikuwa majivu, mwalimu hajulikani aliko. Nilijifuta mikono, nikaenda kwenye mlango wetu wa bati, nikasimama kama nilivyosimama zamani, nikatega sikio. Nilitaka nimwonyeshe. Nikashika komeo, na mkono ukakataa kabisa. Niliganda hapo hadi nikasikia harufu ya ugali ukiungua.

"Wacha tu," mama akasema nyuma yangu. "Njoo tule."