Mkanda Upi? Dobi Aliyefungua Injini Yake Mwenyewe

“Shemeji, weka spana chini kwanza, tuongee.”

“Ongea tu. Masikio yangu hayashiki spana.”

“Utaua injini.”

“Wewe ndiye uliyeanza kuiua.”

Ni saa nne asubuhi, Jumapili, kwenye ua wa nyumba ya vyumba vitatu. Gari la kijivu la milango mitano limeinuliwa upande wa kulia na kukalishwa juu ya stendi mbili za chuma. Gurudumu la mbele limeegemezwa ukutani. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja amepiga magoti juu ya kipande cha boksi, kitambaa kichwani, mikono myeusi hadi viwikoni. Mtaa mzima unamwita Mama Povu. Ni dobi.

Anayemwomba aweke spana chini ni fundi mwenye gereji mtaa wa pili. Watu humwita Sikio, kwa sababu huinamia injini, hufumba macho, husikiliza, kisha hutangaza ugonjwa. Ni rafiki wa mume wa Mama Povu tangu utotoni, ndiyo maana anamwita shemeji. Leo hakualikwa na shemeji yake. Ameitwa kwa simu na mume mwenyewe, ambaye ni kinyozi, na ambaye sasa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akitazama vidole vya miguu yake.

“Mwambie mkeo,” Sikio anamgeukia kinyozi. “Hii si kazi ya kufua.”

“Mimi niko hapa,” anasema Mama Povu. “Gari langu, leseni yangu. Unamwambia yeye nini? Yeye hajui hata boneti inafunguliwa wapi.”

“Hajui kweli,” anadakia wifi yake, dada wa kinyozi, aliyekalia ndoo iliyogeuzwa. Yeye hushona sare za shule, na leo amejitolea kuwa msaidizi. “Ni kaka yangu wa damu, lakini hajui.”

Kinyozi anakunywa chai.

Ugomvi wote huu umetokana na neno moja: mkanda.

Miezi mitano iliyopita Mama Povu alipeleka gari gereji akiwa na ombi la wazi. Alitaka ubadilishwe mkanda wa ndani, ule wenye meno ambao mafundi huuita taimingi, na pamoja nao pampu ya maji. Pampu hiyo imekaa nyuma ya mkanda na inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo anayefungua kimoja hubadilisha vyote viwili, asije akafungua tena. Hayo aliyasoma kwenye kitabu cha gari. Alilipa vifaa, akalipa na kazi.

Siku mbili baadaye Sikio hakumpigia yeye. Alipita kwenye kibanda cha kunyolea cha mumewe, akanyolewa, akatoa taarifa akiwa bado na taulo shingoni: “Mkanda nimebadilisha. Pampu nimeiangalia.”

Mume alirudi nyumbani akatangaza kwamba kila kitu kimebadilishwa.

“Mimi nikashukuru,” anasema Mama Povu. “Nikamfulia na ovaroli zake bure wiki ile. Fikiria. Mtu kanipiga changa la macho, na mimi namfulia.”

Kwa miezi mitano aliendesha gari hilo kila siku kubeba mashuka mia moja na arobaini, ya zahanati moja na nyumba mbili za wageni. Maji ya rejeta yalikuwa yanapungua. Aliuliza mara mbili. Sikio alimjibu kwamba magari ya umri huo hunywa maji, ni kawaida, asiwe na wasiwasi, shemeji.

Jana mchana, akitoka kuchukua mashuka ya nyumba za wageni, sindano ya joto ilipanda hadi karibu na nyekundu. Alisimama kando ya barabara, akasubiri injini ipoe, akachukua bisibisi na kulegeza kava ya juu inayoufunika mkanda. Nyuma yake aliona mkanda umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi, na umelowa maji yanayovuja kutoka kwenye pampu. Juu ya mkanda kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe: 104.

Namba hiyo anaijua. Mwalimu mstaafu aliyemuuzia gari alimwonyesha siku ya kwanza. Aliiandika mwenyewe mkanda ulipofungwa, gari likiwa na kilomita laki moja na elfu nne. Jana dashibodi ilisoma laki mbili na elfu kumi na moja. Kitabu cha gari kinasema mkanda utolewe kila baada ya kilomita laki moja.

Mkanda huo ukikatika gari likiwa mbioni, vyuma vya ndani ya injini hugongana na injini huishia hapohapo. Kwa Mama Povu hiyo ina maana moja. Mashuka ya zahanati lazima yafike kabla ya saa moja asubuhi, siku zote saba.

“Mgonjwa halazwi kwenye godoro tupu eti dobi kaharibikiwa na gari,” anasema. “Watatafuta mwingine siku hiyohiyo. Na ningekuwa mimi, ningefanya vivyo hivyo.”

Ndiyo maana jana hiyohiyo alirudi polepole akisimama kila baada ya dakika tano, akapita duka la vipuri, akanunua mkanda, pampu, gasketi na puli ya kukazia. Leo saa kumi na mbili asubuhi, mashuka ya zahanati yakiwa yameshapelekwa kwa pikipiki ya kukodi, alichomoa nyaya za betri, akaanza.

Sasa ameshikilia mkanda wa zamani mbele ya uso wa Sikio. “Soma.”

“Shemeji, tusipigishane kelele mbele ya watu.”

“Soma namba.”

Sikio hasomi. Anaelekeza kidole chini, kwenye mkanda mwingine uliolala juu ya gazeti, mweusi, unang’aa. Ni ule wa nje, unaozungusha jenereta ya kuchaji betri. “Ule pale ni nini? Mpya kabisa. Nilisema nimebadilisha mkanda, na mkanda nilibadilisha. Sikumdanganya mtu.”

“Nilikuambia wa ndani!”

“Mimi niliambiwa mkanda. Ule si mkanda?”

Wifi anapiga makofi mara moja, pa. “Haya! Na pampu je?”

“Pampu nilisema nimeiangalia. Muulizeni huyu.”

Wote wanamtazama kinyozi. Kikombe kimeisha chai, lakini bado anakipeleka mdomoni.

“Ndivyo alivyosema,” anakiri. “Nimeiangalia. Mimi nikaelewa… nilielewa vingine.”

Sikio anabadilisha sauti, sasa ni ya asali. Anapendekeza gari livutwe hadi gereji, alimalize yeye, bure, bila hata senti ya vipuri. Mama Povu ni mwanamke hodari, hakuna asiyejua, mtaa mzima unamsifu. Mambo haya yabaki ndani ya familia.

“Usinivishe kilemba cha ukoka,” anasema Mama Povu. “Injini unaisikiliza, mwenye gari humsikilizi. Toka kwenye mwanga wangu.”

Sikio anavuta suruali yake juu. Anasema akishaiua asimwite. Kisha, akiwa tayari getini, anageuka kutazama beseni kubwa la bluu kando ya bomba, ambamo ovaroli za mafundi wake zimelowekwa tangu asubuhi. “Na ovaroli zetu? Kesho kazi.”

“Utazipata leo.”

Mume anabaki mlangoni. Kuna mtu anayeweza kuuliza mwanamke huyu alijifunza wapi. Jibu liko kwenye banda nyuma ya nyumba, ambako mashine mbili za kufulia, za mitumba, zimekuwa zikiharibika kwa zamu kwa miaka tisa.

“Mashine ina mkanda, ina pampu ya maji,” anasema huku akifungua boliti za pampu. “Nimebadilisha mikanda saba na pampu nne, na hakuna aliyeniambia hiyo ni kazi ya wanaume. Kwa nini? Kwa sababu inafua nguo. Ile ile mashine ingekuwa na magurudumu, ungeona wangejaa hapa kunielekeza.”

Hasira haimharakishi. Kila boliti inaingia kwenye kikopo chake cha mtindi, na juu ya kikopo ameandika ilikotoka. Kabla ya kuulegeza mkanda wa zamani alipanga alama za injini kama kitabu kinavyoonyesha, kisha akaziongezea mistari ya rangi ya kucha, nyekundu, mali ya wifi: mstari kwenye gurudumu la meno la juu linaloshika mkanda, mwingine kwenye la chini, na mingine miwili kwenye chuma kisichozunguka, ili ikutane.

“Hiyo rangi ya harusi,” analalamika wifi. “Nilikuwa naiwekea siku yangu.”

“Umeolewa mara mbili, wifi.”

“Ndiyo nasema siku yangu, sijasema ya kwanza.”

Pampu ya zamani inatoka ikiwa na kutu ya rangi ya matofali. Mama Povu anaizungusha kwa kidole. Inayumba, inakwaruza, inatema tone la maji kwenye kiganja chake. Anamwonyesha mumewe. Anaukwangua uso wa chuma hadi unang’aa, anaweka gasketi mpya, anafunga pampu mpya kwa kukaza boliti moja moja, hii kisha ya upande wa pili, kidogo kidogo. Halafu mkanda mpya. Halafu puli ya kukazia.

Saa saba na nusu unakuja wakati aliouogopa. Muuza vipuri alimsisitizia: kabla ya kuwasha, izungushe injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, kisha tazama alama. Mama Povu anaweka spana ndefu kwenye boliti ya chini na kuvuta. Injini inazunguka kwa uzito. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

Wifi anachungulia juu. “Mistari ya kucha haikutani.”

“Kiasi gani?”

“Jino moja.”

Jino moja halionekani kubwa, lakini angeiwasha hivyo injini ingekohoa, na pengine kuharibika kabisa, na mtaa mzima ungejua kabla ya jioni kwamba Sikio alimwonya.

Mama Povu anapangusa mikono. Anatukana puli, anatukana kitabu, anamtukana Sikio na sikio lake. Kisha analegeza tena. Mumewe anaweka kikombe chini hatimaye na kuja kupiga magoti upande wa pili.

“Nilisikia nilichotaka kusikia,” anasema. “Nisamehe.”

“Shika hapo. Usiuache mkanda ulegee huo upande. Umeelewa au umeelewa vingine?”

“Nimeelewa.”

Mara hii, baada ya mizunguko miwili, mistari yote minne inakutana. Anazungusha tena miwili. Inakutana. Anamwita wifi athibitishe, kisha mumewe, kila mmoja aseme kwa mdomo wake anachokiona.

Saa tisa maji yamejazwa, gurudumu limerudishwa, gari limeshushwa. Mama Povu anatandika shuka jeupe la zamani chini ya injini, anaingia, anageuza ufunguo. Injini inashika mara moja, inanguruma, inatulia. Hakuna anayeshangilia. Wanasubiri dakika ishirini, sindano ikipanda hadi katikati na kukaa hapo. Kisha analivuta lile shuka na kuliinua juu kwenye jua, akilikagua kama anavyokagua ya zahanati. Halina hata tone.

“Safi,” anasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anakaa chini.

Anao mpango. Zahanati ya pili imemuuliza kama ataweza mashuka yao kuanzia mwezi ujao, na amekuwa akikwepa kujibu kwa sababu hakuliamini gari. Sasa atajibu ndiyo. Anahitaji mashine ya tatu, na ameshaiona moja, mbovu, mkanda wake umekatika.

Lakini kwanza anatazama beseni la bluu. Ovaroli nane. Moja aliifua asubuhi kabla ya kuanza kazi, imeshakauka kambani. Saba bado zinaelea kwenye maji meusi ya sabuni na grisi.

“Mama Povu,” mumewe anaona anachokitazama. “Yule ni mteja. Mara mbili kwa wiki, miaka sita.”

“Karibu moja ya kumi ya pato langu, najua. Nikipata zahanati ya pili, sitamkumbuka. Nisipoipata, bora kukosa hiyo moja ya kumi kuliko kumwita mteja.”

Anaikunja ile iliyokauka, mikunjo minne, kola juu, kama ya dukani. Saba anaziacha kwenye beseni zilivyo, zinachuruzika, na juu yake anaweka ile safi juu ya kipande cha plastiki. Beseni linaingia kwenye buti. Wifi anawahi kiti cha mbele. Hili hakubali kusimuliwa.

Gari linakata kona mbili bila kelele na kusimama mbele ya gereji. Sikio yuko nje, na wateja wawili wamekaa kwenye benchi wakisubiri. Anaisikia injini kabla ya kuliona gari. Uso wake unabadilika.

Mama Povu anafungua buti, anabeba beseni, analitua miguuni pake.

“Ovaroli nimefua.”

Sikio ananyanyua ile ya juu, plastiki inaanguka, maji meusi yanamwagikia viatu. “Hii ni nini? Hizi hazijafuliwa!”

“Nilisema nimefua ovaroli. Hiyo uliyoshika si ovaroli?”

“Na hizi nyingine?”

“Nimeziangalia.”

Mmoja wa wateja, mwenye gari jeupe, anaangua kicheko. Mama Povu anamwambia Sikio atafute dobi mwingine kuanzia leo, beseni atalifuata wifi kesho, na anafunga buti.

Mteja bado anacheka. Kisha anaacha. “Fundi,” anasema, “na langu juzi si ulisema umebadilisha mkanda? Upi?”

Mama Povu hangojei jibu. Zahanati inatoa mashuka saa kumi na moja, na gari linawaka kwa mguso mmoja.