Mchezo wa Dada Anakuja

Mtaa mzima unaujua mchezo huo. Timu mbili, moja inakimbiza, nyingine inakimbia. Ukikamatwa unawekwa ndani ya duara lililochorwa chini, na hutoki mpaka mwenzako aje akuguse. Ukitoka mwenyewe, timu yako imeshindwa. Mateka hupiga kelele "Dada anakuja!" hata kama timu yao haina msichana hata mmoja.

Kwa nini dada? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ni fundi cherehani wa nyumba ya kona, mama mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Lakini alipokuja mwalimu na daftari, akikusanya asili ya majina ya michezo kwa ajili ya kitabu cha shule, ulimi huo ulikwama.

Majirani walikwisha kumwambia mwalimu kwamba zamani palikuwa na msichana hodari wa mbio, aliyekuwa akiwakomboa wenzake wote. Alitaka tu fundi athibitishe. Fundi angeitikia, mambo yakaisha. Mdogo wake alikuwa mlangoni akishona vifungo, kiziwi tangu ana miaka saba, mtu anayesoma midomo ya watu tu.

Miaka arobaini fundi alimlisha, akamvisha, akamfundisha kusoma, na watu wakamsifu kwa moyo wake. Sifa hizo zilimchoma. Akamgeuzia mdogo wake mgongo, akasema yote. Siku moja utotoni mwao mdogo wake alikamatwa mchezoni, na katika timu yao alibaki fundi peke yake wa kumkomboa. Njaa ikamuuma, akaingia ndani kula, usingizi ukampitia. Mvua ikanyesha. Wapita njia walimhimiza mtoto aende kwao, naye akawajibu kila mmoja kwamba dada anakuja. Homa iliyofuata ikaondoka na masikio yake.

"Mama nilimwambia nilimtafuta kila mahali," alisema. "Wewe andika hivi nilivyokwambia."

Mwalimu aliandika. Alipokuwa akiaga, mdogo mtu alinyoosha mkono akaomba daftari, kama afanyavyo kwa kila kilichoandikwa. Fundi alitamani ardhi impasukie. Mwenzake alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, kisha akamrudishia mwalimu daftari lake.

"Nilikuona ukiingia ndani," alimwambia dada yake, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka. "Sasa ningetoka, si tungeshindwa?"