Pesa za Axel na Jeneza la Baba Yake

Watu wa Husby, mtaa wetu huku kwa Waswidi, watakuambia Dancille ana roho ngumu. Watakuambia alimnyima marehemu nauli ya kurudi kwao. Mimi nilikuwepo, na hasira niliyotoka nayo siku ile haijaniisha, kwa hiyo nisikilize mimi kwanza.

Dancille ni Mrundi, kazi yake kuhudumia wazee majumbani. Binti yake Darlène ni mtu mzima sasa, hatembei wala hasemi. Serikali ya huku inatoa chumba, chakula na watu wa kumwogesha, hilo hatulikatai. Lakini mama akifa, nani atamsuka nywele? Nani atamletea isombe, kisamvu cha kwetu, na kumsemesha Kirundi? Swali hilo lilimkosesha Dancille usingizi, akatukusanya sisi wazazi wenye watoto walemavu, tukaanzisha mfuko. Kila nyumba inachangia. Pesa zinakaa pamoja kwa jina la chama, kwa sababu zikiwekwa kwa jina la mtoto zinahesabiwa kuwa mali yake na msaada wa kodi ya nyumba unapunguzwa. Mzazi akifa, mfuko unamlipa mtu wa kumtembelea mtoto wake na kumtoa matembezini. Basi, hiyo tu ndiyo kazi yake.

Wa kwanza kufa kati yetu alikuwa Boniface, dereva wa basi. Moyo ulisimama ghafla. Mkewe alishatangulia, na mtoto wao ni mmoja, Axel, kijana mwenye ulemavu wa akili anayeishi kwenye nyumba ya uangalizi kule Farsta.

Msiba ukawekwa kwa Optatus, binamu ya marehemu. Sebule ikajaa watu ambao hawajawahi kutia hata krona moja kwenye mfuko wetu. Wakaimba, wakala, wakaanza kupanga kusafirisha mwili hadi Bujumbura. Kwetu kumwacha maiti ugenini ni aibu ya ukoo mzima, na msibani hakuna anayethubutu kusema hapana. Michango ilipopungua, Optatus akaukumbuka mfuko wa watoto. Alisema kwa upole kabisa kwamba pesa zimelala tu, na kwa kuwa Boniface naye alizichangia, basi zimrudishe nyumbani. Wazazi wenzangu kadhaa wakatikisa vichwa kukubali. Niliwachukia papo hapo, na sioni haya kusema hivyo.

Dancille ndiye mweka hazina. Akasema hatasaini. Médiatrice, mke wa Optatus, akasema asiye na huruma kwa wafu hawezi kuwa nayo kwa walemavu. Maneno hayo aliambiwa mama aliyembeba Darlène mgongoni mpaka mgongo ukaharibika.

Dancille akasimama. Hakupaza sauti.

"Boniface alitoa pesa hizi kwa ajili ya siku atakayokufa," alisema. "Siku yenyewe ndiyo hii. Munataka kuzipakia kwenye ndege pamoja naye?"

Akauliza Axel yuko wapi. Optatus akasema kijana kama yule angesumbua tu watu msibani.

"Nani amemwambia kwamba baba yake amekufa?"

Watu wakainamia sahani zao. Siku zote zile za wali, nyama na nyimbo, na mtoto pekee wa marehemu hajui lolote. Walijitetea kwamba kila mmoja alidhani mwenzake ameshakwenda. Uongo mtupu. Hawakumkumbuka.

Pesa hazikutoka. Boniface alikuja kuzikwa huku huku, na mpaka leo Optatus akimwona Dancille madukani hugeuza njia. Lakini siku ile, pale pale sebuleni, Dancille alichukua koti lake, nami nikamfuata hadi kwenye treni ya Farsta. Njia nzima alikuwa akiusema ukoo ule, na mimi nikiongezea.

Tulimkuta Axel amekaa mlangoni na koti na viatu. Mfanyakazi wa pale, ambaye naye hakuwa ameambiwa, alisema kijana amekataa kuvua tangu asubuhi, maana Jumapili baba yake humpeleka kanisani. Dancille akapiga magoti mbele yake, akamweleza taratibu, kwa Kiswidi, kwamba baba amekufa na hatakuja tena.

Axel akashika zipu ya koti lake iliyokuwa wazi.

"Sasa nani atanichukua?" aliuliza.

"Mimi," Dancille akasema, akamfungia zipu ya koti. Kanisa lilikuwa limeshafungwa saa hizo. Walitoka hivyo hivyo, nami nyuma yao.