Singe Niliyoing'oa Migombani

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, mwanangu, na sijui kama nimeielewa mpaka leo. Nilikuwa bi harusi wa miezi mitatu hapa Igogwe, bidii tele, akili bado iko njiani. Nilikuwa napalilia migomba nyuma ya nyumba, jembe likagonga chuma. Nikavuta kwa mikono miwili. Kumbe ni singe, kile kisu kirefu cha kuchomekwa mbele ya bunduki, imeliwa na kutu na mpini umeoza. Nilishasikia kwamba babu wa mume wangu alipigana vita ya Wajerumani. Nikasema moyoni, wazee hawa wametupa mali.

Nilitaka kumfurahisha baba mkwe. Sasa uelewe, enzi zetu mke wa mtu hakuonana na baba mkwe wake. Ukimkuta njiani unaingia majanini na kufunika uso, na kusemezana ndiyo mwiko kabisa. Ningemwonyeshaje kwamba mwanawe ameoa mchapakazi? Nikaona chuma hiki kitanisemea.

Nikailaza siku nne kwenye mafuta ya taa, ndani ya bati kuukuu nililolikunja. Nikaikwangua kwa kipande cha tofali, kisha kwa msasa ambao mume wangu aliniletea kutoka Kiwira bila hata kuuliza wa nini. Nikamalizia kwa majivu na kitambaa, na mpini mpya nikauchonga kwa mti wa mpera. Siku zote hizo mvua ilinyesha, na mvua ya Rungwe unaijua. Singe ikang'aa, ukiitazama unajiona meno. Asubuhi nikaiweka mlangoni kwa baba mkwe, nikajibanza jikoni kusubiri sifa.

Sifa hazikuja. Nilimsikia akimwita mdogo wake, ambaye shamba lake linapakana na letu. Wakaenda migombani, na muda si muda wakaanza kubishana. Mama mkwe akaingia jikoni, akakaa chini.

"Mwanangu, ile singe uliitoa wapi?"

Nikamweleza. Akashika kichwa. "Baba yao aliichomeka pale kwa mkono wake siku alipowagawia shamba. Ule ndio mpaka wao."

Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mimi nilikuja, wenyeji wakaugua. Nilikimbia kutafuta tundu. Migomba yote imefanana, mvua imeshaziba kila kitu, na kwa bidii yangu ya kijinga nilikuwa nimepalilia mistari sita na kutandaza majani juu yake. Nikidhani ni hapa, hatua mbili mbele napo naona ni hapa. Nililia, mwanangu. Ndugu waliokula sahani moja tangu utoto walikuwa hawasalimiani tena, kwa sababu yangu.

Siku ya pili mume wangu akaninong'oneza: "Onyesha kule kwenye mgomba wa mwisho, upande wa baba mdogo. Nani atakukatalia? Wewe ndiye uliyeing'oa." Na kweli, kidole changu ndicho kilichokuwa kimebaki kuwa mpaka. Nikimtii, baba mdogo anapoteza migomba mitano yenye mikungu. Nikimkaidi, huenda nikarudishwa kwetu.

Wakaniita migombani. Nikasimama nimewapa mgongo, kanga usoni, maana baba mkwe alikuwepo. Mama mkwe akaniuliza ni wapi.

"Sipajui," nikasema, na mwiko nikauvunja hapo hapo, sauti yangu ikasikika. "Nimetafuta siku mbili. Nikionyesha, nitakuwa nabuni."

Mume wangu akasonya. Baba mdogo ndiye aliyecheka. "Kaka, huyu angekuwa mwongo, angepajua."

Baba mkwe hakuweza kunisemesha, basi akaongea na mgomba uliokuwa mbele yake. "Wewe mgomba, mwambie huyo binti aende akapike. Na hii mitano ya katikati, atakayekuwa na njaa akate, awe wa nyumba hii au ile."

Mume wangu alininunia wiki nzima. Sijui kama alikuwa na haki. Sijui hata kama mpaka ulipita kwenye mitano ile au mbali kabisa, na labda nilimdhulumu mmoja wao. Ninachojua ni kwamba wale wazee walisalimiana jioni ile.

Basi nisikilize. Kuuliza si ujinga. Kitu cha watu ukikikuta na kutu, kiulizie kabla hujakisugua, huenda kiko kazini hapo hapo kilipo. Na ukishaharibu, usiharibu mara ya pili kwa kujifanya unajua, maana njia ya mwongo ni fupi.

Mungu akupe mikono yenye bidii na mdomo usioona haya kuuliza. Na siku watu wote watakapokingoja kidole chako, akupe moyo wa kukishusha.