Aliyetaka Kuuona Mtumbwi kwa Macho

Dada yangu aliponipigia simu juzi asubuhi kunijulisha kuwa Mwalimu amefariki, sikuuliza amefia wapi wala mazishi ni lini. Niliuliza, "Nani kakwambia?" Ndivyo nilivyo, wasomaji wangu mnanijua. Dada akajibu, "Natoka kwake sasa hivi, mdogo wangu. Nimemwona."

Marehemu alifundisha Kiingereza hadi alipostaafu, kisha akaweka meza pale Nyamagana, akawa anawatafsiria watu mikataba na barua. Alikuwa na mazoea yaliyonikera: karatasi ikitaja mali, hatafsiri mpaka aione mali yenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka kwake dada, anayekausha dagaa upande wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, akiwa na mkataba wa Kiingereza wa kununua injini na mtumbwi. Neno "mpya" liliandikwa mara moja tu, mwanzoni. Nililisoma nikaridhika kuwa linahusu vyote viwili. Mwalimu akavua miwani. "Kiingereza ndivyo kilivyo," akasema. "Kivumishi kimoja kinatangulia, nomino mbili zinafuata. Ya kwanza imekivaa. Ya pili usiiapie mpaka uione. Kesho twende tukaangalie." Dada alitaka kusaini siku ileile, maana muuzaji alidai kuna mteja mwingine. Nikamvuta pembeni nikamnong'oneza kuwa mzee huyu anatuzungusha. Labda anatafuta chai, labda katumwa na huyo mteja mwingine. "Basi wewe nenda," dada akanijibu, akiukunja mkataba. "Mimi namsubiri Mwalimu."

Kesho yake tulivuka. Mtumbwi ulikuwa ufukweni, umepakwa rangi ya bluu inayong'aa. Mwalimu hakuusifu. Aliomba uingizwe majini na kupakiwa mawe, kisha akaketi kusubiri. Kabla ya saa sita maji yalikuwa yamemfika vifundoni kijana aliyeingia kuyapanga mawe. Rangi ilikuwa mpya, mbao zilikuwa zimeoza. Muuzaji hakutahayari. "Mwalimu, hiyo karatasi inasema injini ndiyo mpya. Mtumbwi ni mtumbwi tu." Shemeji yangu, ambaye ndiye angekuwa nahodha, hajui kuogelea. Dada aliketi mchangani akalia.

Mnadhani nilimshukuru Mwalimu? Nilianza kuwaza kwamba yeye na muuzaji walipanga mchezo ule ili apate sifa. Kwa miaka nikawa napita mezani pake nikimpa shikamoo, huku nachungulia ameketi na nani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini mimi hakuna nyoka aliyepata kuniuma. Naona siko peke yangu. Siku hizi tunamshuku fundi, tunamshuku daktari, tunamshuku hata mchungaji, na tunajisifu kwamba tumeerevuka. Wengi wetu hatuna tunachokijua kuhusu watu hao.

Jana makaburini shemeji alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Dada akanisogelea, akaniuliza taratibu, "Umemchunguza miaka yote hiyo. Ulipata nini?" Sikupata kitu, kwa sababu sikuwahi kumuuliza hata swali moja. Niliona aibu, na bado naiona ninapoandika haya. Mwalimu aliishuku karatasi, akavuka maji kwenda kuhakikisha, na mchana wa siku hiyo shaka yake ikawa imekwisha. Mimi nilimshuku mtu, nikakaa na shaka yangu mpaka amezikwa. Ukimshuku mwenzako, mwendee umuulize angali hai.