Jina la Nyumba Iliyofukiwa

Mwezi uliopita nilikuwa Posta, nikaingia kwenye maonyesho ya picha za angani za magofu ya ngome moja ya kale huko kusini. Kijana aliyekuwa akitueleza alionyesha mistari iliyofifia kwenye nyasi. "Chini hapa kuna jengo kubwa," alisema. "Lilikuwa la nini, hakuna anayejua." Nilitoka nje, rafiki yangu, machozi yakinilengalenga.

Enzi za Ujamaa tulikaa Kariakoo, karibu na Msimbazi. Baba alikuwa mchora ramani serikalini. Siku moja alirudi na picha kubwa ya ngome hiyohiyo, iliyopigwa kutoka kwenye ndege wakati wa kiangazi. Akanieleza kwamba juu ya ukuta uliofukiwa udongo ni haba, kwa hiyo nyasi zake hukauka mapema, na ukiwa angani unaona umbo la nyumba nzima. Bibi, mama yake baba, alizaliwa jirani na pale. Baba akanipa daftari. "Kesho nipo kazini. Kaa na bibi yako, kila atakachosema andika."

Nilimkuta uani anamenya mihogo, dagaa wakinukia jikoni. Akajifuta mikono kwa kanga, akaigeuzageuza picha mpaka akajua bahari ipo upande gani. Halafu kidole chake kikaanza kutembea.

"Hapa kisima. Hapa tulikatazwa kuokota kuni, pana makaburi. Na hii kubwa, mama yangu aliniambia jina lake…"

Nje wenzangu walikuwa wananiita tukacheze rede.

"Bibi, hiyo tutaandika kesho."

"Haya, mjukuu wangu. Nenda."

Kesho yake nilitumwa kupanga foleni ya sukari. Keshokutwa nikasahau. Wiki hiyohiyo bibi akaitwa kusini kwenye msiba wa dada yake. Mvua zikakata barabara, akaugua hukohuko, hakurudi tena.

Baba alipofungua daftari alikuta mistari miwili tu. Nilisubiri kiboko. "Kosa langu," akasema taratibu. "Ningekaa naye mwenyewe."

Afadhali angenichapa.

Siku hizi pale uani kwetu pamesimama ghorofa la maduka, na baba naye ametangulia. Nimewatafuta watoto wa wale kina mama waliotoka kusini pamoja na bibi, mtaa kwa mtaa. Wananipokea vizuri, wananiwekea chai. Nikiuliza lile jina, wote wananijibu vilevile: mama angelijua.