Nilivyoiachia kompyuta kazi ya kuchapisha mwongozo wetu wa kahawa, ikamuumbua Mwenyekiti mbele ya kanisa

Wakuu, heshima kwenu.

Nimesoma nyuzi za watu wa IT humu nikaona na mimi nitoe yangu. Yote yalitokea, majina tu nimebadilisha maana wahusika bado tunazikana.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni nilikuwa fundi kompyuta kwenye intaneti kafe moja Njoro, hapa Moshi. Mimi ni mwanamke, kwa hiyo wateja walikuwa wanaingia, wananitazama usoni, halafu wanauliza, "Fundi yuko wapi?"

Kikundi cha wakulima wa Kibosho kikanifuata. Enzi hizo maduka ya dawa za mashamba yalifunguliwa kila kona, na kila muuzaji ana kipimo chake. Wakaamua kuandika mwongozo wao wa kahawa kwa pamoja, tena huria kama zile software za bure: yeyote ruksa kusoma, kunakili na kurekebisha.

Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Kileo, mkuu wa shule mstaafu. Uhuru huo aliukubali, kwa sharti kwamba kila rekebisho apitishe yeye.

Yaani ukitaka kusogeza koma, unapanda Kibosho na flopi mkononi, barabara yenyewe mnaijua, ukifika unaambiwa Mwalimu amepumzika.

Nilikuwa na faili linaitwa MWISHO, lingine MWISHO KABISA, na lingine MWISHO WA KWELI USIGUSE. Utangulizi wa Mwenyekiti ulifika kurasa tisa. Kahawa yenyewe ilikuwa na sita.

Nikachoka. Nikaandika script ndogo, yaani programu inayojiendesha yenyewe. Waandishi wanakuja kafe, wanarekebisha sura zao kwenye folda moja. Kila Ijumaa saa nne asubuhi kompyuta inakusanya sura zote, inatengeneza PDF, inaipandisha kwenye tovuti na kuchapa nakala za kugawa Jumapili. Haimsubiri mtu.

Mwenyekiti akauliza, "Na saini yangu?"

Nikamwambia, "Mwalimu, jina lako litatokea juu kabisa kila wiki, lenyewe."

Akapitisha siku ileile.

Sasa kulikuwa na Mama Aikande. Mjane, darasa la saba, mkulima hasa. Anachapa kwa kidole kimoja lakini hakosei herufi. Wiki moja akasoma kwenye folda sura mpya ya Mwenyekiti, haijachapwa bado, kuhusu dawa ya chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha kahawa mtini. Imeandikwa: vijiko kumi kwa bomba moja la kupulizia.

Akapanda hadi kwa Mwalimu kumwambia. Akajibiwa, "Lete kwa maandishi, tutalijadili kikao kijacho."

Mama wa watu akaleta kwa maandishi. Alikuja kafe Alhamisi, akaandika katikati ya sura yenyewe.

Mimi Ijumaa niliitwa Bomang'ombe kutengeneza kompyuta ya ofisi moja. Script ikafanya kazi yake. Haijui lipi ni fundisho na lipi ni malalamiko.

Jumapili baada ya misa watu wamejaa nje ya kanisa, nakala zinagawiwa. Mwenyekiti akasimama kusoma sura yake kwa sauti, ile sauti ya paredi.

"Chukua vijiko kumi vya dawa. HAPA MWALIMU AMEKOSEA. Vijiko kumi vinaunguza majani, mimi niliunguza miti yangu nikalia. Ni viwili. Kama anabisha aje..."

Akasogeza karatasi karibu na macho.

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mbele akauliza taratibu tu, "Kwa hiyo Mwalimu, tuweke vingapi?"

Mwalimu akatazama karatasi, akamtazama Mama Aikande.

"Viwili," akasema.

Watu wakatoa kalamu, wakakata kumi.

Wiki iliyofuata ikaundwa kamati ya uchunguzi. Vikao vitatu. Uamuzi: kompyuta ipewe barua ya onyo kwa kuchapisha bila adabu. Sitanii. Nilisaini kuipokea kwa niaba yake.

Siku hiyo ya barua Mwalimu alibaki pale kafe wenzake walipoondoka. Nikamwamkia tena kwa woga, "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba." Akakaa. Akavua kofia. "Binti, majani yakishaungua, mti unarudi?"

Ndipo nikaelewa. Alishapulizia shamba lake lote, vijiko kumi. Na alikuwa hajamwambia mtu, hata mke wake.

Nikamwambia mimi ni wa kompyuta, amuulize Mama Aikande. Akasema hawezi. Nikampeleka.

Mama hakumsema. Aliingia shambani, akakwangua gome kwa ukucha, akasema, "Huu mzima. Huu mzima. Huu tukate." Walikata miti hadi jioni, Mwalimu anashika matawi. Mingi ilichipua.

Nilichojifunza: nilijisifu kwamba nimeondoa kikwazo, kumbe niliondoa na msomaji. Ingekuwa Mama hakuja Alhamisi ile, script ingesambaza vijiko kumi kwa bidii ileile, tena kwa wakati. Nikairekebisha: sura haitoki mpaka isomwe na mtu mwingine mwenye shamba.

Wa kwanza kujiandikisha sura yake isomwe alikuwa Mwalimu. Utangulizi ukarudi ukiwa na kurasa mbili.

Haya, wakuu, uwanja wenu. Kazini kwenu, ni nani anaruhusiwa kumwandikia bosi "hapa umekosea"?